Barua Hulala Kwanza

Harufu ya pedi ya wino hunirudisha barazani kwetu Biharamulo kila mteja asiyejua kuandika anapobonyeza kidole gumba ofisini kwangu. Haitoki upesi kwenye ngozi. Utotoni niliipenda kuliko harufu ya maandazi, na mama alikuwa akinitania kwamba nitakuja kuolewa na karani.

Watu waliiita nyumba yetu "kwa Wakili", ingawa hapakuwa na wakili hata mmoja. Babu alifundishwa kuandika na mapadri, akawa mwandishi wa maombi tangu enzi za Mwingereza, na alivaa koti hata jua likiwa la utosi. Baba akarithi meza, pedi na koti, ambalo lilimpwaya mabegani. Mimi nikaongeza shahada, na leo kibao cha mlangoni kina jina la ukoo wetu. Wanaonisifu kwa hilo sijawahi kuwasimulia hili ninalowasimulia ninyi.

Babu alituachia kanuni mbili. Ya kwanza, barua isomwe na mtoto. Mtoto akikwama, iandikwe upya. Mtoto huyo nilikuwa mimi, nikiwa darasa la nne. Ya pili, barua haitoki siku ilipoandikwa. Hasira hasara, alisema babu, na watu wengi huja kushtaki wakiwa bado wanatetemeka. Basi barua ilale sandukuni, mwenyewe naye alale kwetu kama ametoka mbali, asubuhi isomwe tena ndipo aweke kidole. Kanuni hiyo ilipatanisha ndugu wengi. Niliwaona wakisikia matusi yao yakisomwa kwa sauti ya mtoto, wakacheka na kuomba yafutwe.

Mwaka ule watu walipokuwa wakihamishiwa vijiji vya ujamaa, Laurenti alifika kwetu alasiri, miguu ikiwa na matope hadi magotini. Alikuwa mkulima wa migomba kwenye kilima kimoja cha mbali, upande wa Nyakanazi. Hakuwa anapinga kuhama. Tatizo lake lilikuwa mama yake, Bibi Skolastika, aliyevimba miguu na kushindwa hata kukaa, na kule kwenye kijiji kipya, kando ya barabara, palikuwa na vigingi vya viwanja tu, hakuna hata kibanda. Aliomba bibi aachwe nyumbani kwake mpaka masika yaishe.

Baba alikuwa ametoka kwenye mkutano bomani muda si mrefu. Aliandika polepole kuliko kawaida yake. Barua ilikuwa nzuri. Niliisoma bila kukwama, na Laurenti aliitikia kwa kichwa kila sentensi. Kisha akaomba aipeleke bomani saa ile ile, maana ofisi zilikuwa hazijafungwa na yeye hakuwa na hasira na mtu.

"Barua hulala kwanza, Laurenti," baba alisema bila kumtazama. "Hata marehemu baba yako alilala hapa."

"Mama amebaki na mke wangu tu, karani."

"Kesho asubuhi."

Laurenti alikubali. Nani angebishana na nyumba yetu? Mama alimpakulia ndizi na maharage, akamwekea na kipande cha nyama ambacho siku zote kilikuwa cha baba. Nilinuna, kwa kuwa nilikuwa nakimezea mate.

Asubuhi niliisoma tena, akaweka kidole, akaenda zake bomani. Hakumpata wa kuipokea. Wakubwa walikuwa wameondoka na malori tangu alfajiri. Alipofika kilimani alikuta nyumba imechomwa moto ili pasiwe na pa kurudi. Mkewe alikuwa amevutana na mgambo peke yake. Laurenti alimkuta Bibi Skolastika kando ya barabara, chini ya turubai lililotoboka, amelowa chapachapa. Alikufa siku ya tatu, barua ikiwa bado mfukoni mwa mwanawe.

Msibani Laurenti aliwaambia watu kwamba kwetu walimtendea vema. Kila Pasaka alituletea mkungu wa ndizi, mpaka alipokufa. Tuliila mikungu hiyo yote.

Mama aliniambia baada ya kumzika baba, siku moja tukichambua maharage. "Baba yako alijua. Mkutanoni waliambiwa malori yanakwenda kilima kile alfajiri, na atakayewaandikia watu barua za kuzuia atahesabiwa adui. Alinieleza kabla Laurenti hajaketi."

Nilimuuliza kwa nini basi hawakumwambia arudi nyumbani, walau awe na mama yake.

Aliendelea kuchambua. "Aliogopa. Na mimi niliogopa. Tukampa nyama."

Utotoni niliamini kwamba babu aliweka kanuni yake kwa ajili ya hasira za wateja. Sikujua kwamba mtu mwema anaweza kujificha nyuma ya kanuni nzuri, na asimdanganye mtu hata kwa neno moja. Baba nilimpenda, na bado nampenda. Lakini sauti iliyoisoma barua ile mara mbili, kwa ufasaha, ilikuwa yangu, na jambo hilo linaniuma.

Mjukuu wa Laurenti sasa ni mteja wangu. Ana kesi ya shamba. Mawakili wako wengi, aliniambia, ila babu yake aliwausia kwamba nyumba yetu haimtupi mtu. Nilimshukuru. Tulikuwa wawili tu, mlango umefungwa, na muda tulikuwa nao. Nikafungua faili, nikamuuliza mpaka wa shamba unaanzia wapi.