Nilimtia Motoni Mama Yake kwa Mdomo Wangu

Mhariri, lifiche jina langu, lakini barua usiikate. Nina miaka arobaini na tisa, mkaazi wa Mji Mkongwe, mke wangu alitangulia mbele ya haki. Wanaonijua huenda wakaitambua sauti yangu, maana hakuna baraza baina ya Malindi na Mkunazini ambapo sijabishana. Vitabu nimesoma, na nikishika hoja siiachii mpaka mtu anyamaze. Leo nnaandika kwa sababu siwezi kumtazama usoni mke wa mwanangu.

Nimwite Salma. Ni msichana wa Mbweni, alizaliwa Mkristo, akasilimu kwa hiari yake kabla ya posa. Mama yake, Bi Agnesi, alibaki na dini yake na hakumlaumu bintiye hata siku moja. Mke wangu alipolala kitandani miezi saba, Salma akiwa mjamzito, mama huyu alikuja kwa miguu kutoka Mbweni kila asubuhi kumuogesha mgonjwa.

Bi Agnesi alifariki mwaka huu. Salma alikwenda mazikoni, akarudi siku ya pili kwa ajili ya mtoto. Jioni ile nilikuwa barazani nje ya nyumba yangu na wenzangu. Mmoja wao, mshindani wangu wa siku nyingi, nimwite Haji, akasema, "Pole, Maalim. Mungu amrehemu mama wa watu."

Nikamrukia. "Umesoma wapi wewe? Asiyekufa na Uislamu haombewi rehema!"

Lau ningenyamaza hapo, ningekuwa sijatoka nje ya kitabu. Lakini Haji alicheka. "Haya bwana! Kumbe daftari la akhera siku hizi unaliweka wewe?"

Baraza zima likaangua kicheko. Mimi kuchekwa siwezi. Nikapaza sauti: "Nnakwambia Agnesi yumo motoni saa hii, anaungua! Anayetia shaka aitazame imani yake!"

Mlango ukagongwa kwa ndani, mara mbili. Ndivyo wanawake wetu wanavyojulisha kwamba kahawa iko tayari; mwanamme huinuka akaipokea. Nikainuka. Salma alikuwa ameshika sinia kwa mikono miwili. Hakulia. Alisema taratibu, "Pokea, Maalim."

Kwa miaka minne alikuwa akiniita Baba.

Siku ya tatu nilijaribu kumfafanulia hukumu. Akanikatiza. "Najua mama haombewi. Ulinifundisha mwenyewe, nikakubali, nikaufunga mdomo wangu kaburini kwake. Nilimwachia Mungu. Wewe ukamchukua kwa Mungu ukampeleka motoni, ili Haji asikucheke."



Nilikwenda kwa shekhe mmoja nikitumai atanipa udhuru. Akaniuliza, "Alipokata roho ulikuwako?"

"Hapana."

"Moyo wake ulifunuliwa ukauona?"

"La."

"Basi kufuru iite kufuru, hakuna aliyekuzuia. Lakini mtu kwa jina lake, alivyokutana na Mola wake hujui. Na wewe utakavyokutana naye hujui. Neno umelisema hadharani, nenda kalifute hadharani."

Toba nimeomba chumbani mara nyingi. Chumbani hakuna Haji. Mwanangu ameniambia kwa adabu, macho kayainamisha, kwamba mwisho wa mwezi wanahamia mtaa wa Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, na mjukuu wangu. Kila jioni nnakaa barazani nimeazimia kusema, nnafungua mdomo, halafu nnajikuta nnazungumzia foleni ya mchele. Juzi Haji kaniuliza, "Maalim, mbona hubishani tena? Unaumwa?" Nikamjibu, "Jino."

Enyi wasomaji, msinipelekee aya wala hadithi. Ninazo, na ndizo nilizompigia mfiwa. Nambieni jambo moja tu, haraka kabla ya mwezi kwisha: mtu ambaye tangu azaliwe hajapata kusema "nilikosea" mbele ya watu, huanza vipi?