Soma Nyuma ya Kasha

Kama kuna siku ningeruhusiwa kuirudia, mwanangu, ningechagua Jumatatu moja ya Pasaka, miaka ile ya soko huria, nilipokuwa na umri kama wako na ujinga kukuzidi. Nakumbuka mvua ya Tukuyu ilivyokuwa ikipiga mabati ya chumba nilichokodi Bulyaga. Nakumbuka vijana waliobanana kwenye mabenchi, wengine wametoka Kyimo kwa miguu, matope hadi magotini. Mbele yao, juu ya meza yangu ya kutengenezea redio, ilikuwapo kompyuta ya mapajani, hiyo mnayoiita laptopu, na kwenye kioo chake mpira ulikuwa umeganda hewani, haushuki wala haupandi.

Nakuambia haya kwa sababu Jumapili iliyopita ulinijia nikuongezee fedha ununue laptopu ya kuchezea lile gemu la magari. Nikakuuliza, mashine hiyo italibeba? Ukanijibu, "Baba, ni mpya kabisa, hata nailoni haijatolewa." Niliinuka nikaenda dirishani, nawe ukadhani nimekasirika. Sikukasirika. Nilisikia sauti yangu mwenyewe ya zamani, nikaogopa. Keti basi.

Enzi zile vitu vilikuwa vimeanza kumwagika. Sisi tuliokua tukipanga foleni ya sabuni tuliona ghafla maduka yamejaa redio, saa, viatu vya mitumba na kanda za video, na kila kijana aliamini kuwa tajiri wa kesho ni yeye. Mimi nilikuwa fundi redio, na nilikuwa hodari, sitajidharau. Watu walileta redio zao kutoka mbali, wakasema fundi wa Bulyaga ana mkono. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami nilianza kutia maji mapema.

Wakati huo nilikuwa nimemchumbia Subilaga wa Matwebe, mama yako. Baba yake, Mzee Anyelwisye, alikuwa ametaka ng'ombe watatu wa mahari. Wawili walikuwa wameshakwenda. Wa tatu alikuwa mtamba mwekundu ambaye babu yako, kabla hajafa, alinionyesha kwa kidole akiwa kitandani: "Huyu ni wa kukuletea mke. Usimguse kwa jambo lingine." Harusi ilipangwa iwe mwezi wa saba, na mtamba alikuwa apelekwe Matwebe wiki moja baada ya Pasaka.

Nilimuuza. Ndiyo, unavyosikia. Nilikuwa nimeona Mbeya chumba ambamo vijana walipanga mstari kucheza mpira ndani ya kompyuta, na Tukuyu hapakuwa na kitu kama hicho. Nikapiga hesabu kichwani, na hesabu za kichwani huwa tamu kwa sababu haziwezi kukubishia. Nilimwambia bibi yako, "Mama, ikifika Julai nitarudisha mitamba wawili." Alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua hata macho.

"Baba yako hakusema wawili," alisema. "Alisema huyu."

Nilikwenda Mbeya, nikanunua laptopu iliyokwishatumika. Muuzaji aliiwasha, taa ikawaka, muziki ukalia. Mimi nilichokagua ni kioo, kama kina ufa. Hakikuwa na ufa. Nikatoka hapo nikaenda kwa kijana aliyekuwa akiuza CD barabarani, nikachagua gemu la mpira lililokuwa jipya kuliko yote. Yule kijana aligeuza kasha akaniwekea kidole kwenye maandishi madogo ya nyuma.

"Bro, mashine yako umeicheki? Hili gemu zito. Soma hapa kwanza, wameandika inatakiwa mashine ya aina gani."

"Dogo, mimi ni fundi," nikamwambia. "Nimefufua redio zilizolala miaka mitano."

"Redio sawa, kaka. Hii we soma tu."

Nikalitia kasha mfukoni. Kuuliza si ujinga, nilikuwa naijua methali hiyo, lakini nilidhani fundi anayeuliza hupunguza ufundi wake. Huo ugonjwa, mwanangu, hauna homa wala kikohozi, na mtu anaweza kutembea nao hadi uzeeni. Kiingereza nilikuwa nakijua cha kutosha kusoma mistari ile mitano. Sikuisoma.

Jumamosi kabla ya Pasaka niliingiza gemu kwenye mashine. Mstari wa bluu ulijaa taratibu hadi mwisho, na mashine ikaandika kwamba kazi imekwisha. Sikulifungua kulijaribu. Nilitaka lifunguke mbele ya watu, liwe jipya kwao na kwangu. Moyoni nilijisemea, kilichoingia kitakimbia.

Basi ikafika Jumatatu. Nilikuwa nimetangaza mashindano hadi Kyimo, mshindi apewe redio. Vijana walitoa kiingilio, wakaketi, wengine wakasimama ukutani wakivuja maji ya mvua. Na mlangoni, mwavuli mkononi, nikamwona Mzee Anyelwisye. Hakuna aliyemwalika. Nilimpa shikamoo na kiti. Akasema, "Ndaga," yaani asante, lakini hakukaa.

Nikabonyeza. Muziki ukapiga, bendera zikapepea, chumba kizima kikashangilia. Nilijisikia mtu mkubwa, sitakuficha. Wachezaji wakaingia uwanjani. Mmoja akainua mguu, akaupiga mpira, mpira ukapaa, ukasimama. Tukangoja. Ukasogea kidogo, ukasimama tena. Feni ya mashine ilianza kulia kwa nguvu, na nilipoigusa chini ilikuwa moto kama sufuria.

"Oya, golikipa kasinzia!" mmoja akapaza sauti, na kicheko kikaanza ukutani kikaja hadi mbele.

Nikazima, nikawasha. Mara ya pili haikufika hata kwenye bendera. Mara ya tatu kioo kikawa cheusi. Niliwarudishia vijana viingilio vyao mmoja mmoja, nao walinipigapiga begani kwa huruma, na heri wangenitukana. Chumba kikabaki na mabenchi, tope sakafuni, na mzee mmoja mwenye mwavuli.

Hapo ndipo alipoketi. Akaomba kasha la CD. Akaligeuza, akalitazama upande ule ule alioniwekea kidole yule kijana wa Mbeya.

"Mimi Kiingereza sijui. Nisomee."

Nikasoma mstari wa kwanza, nikamfasiria: inatakiwa mashine yenye kasi kiasi hiki.

"Yako inayo?"

"Sijui, baba."

Nikasoma wa pili: kumbukumbu ya kufanyia kazi isipungue hapa.

"Yako inayo?"

"Sijui."

Wa tatu ulikuwa juu ya kadi ya kuchora picha, na hapo nilijibu kabla hajauliza. Mwanangu, neno "sijui" ni jepesi likitangulia. Likija mwishoni, mtu hulitamka kama anatoa jino. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na machozi yalinilenga mbele ya baba mkwe.

Hakunipigia kelele. Aliniuliza kama nakumbuka siku aliyokuja nyumbani kwetu nikiwa mdogo, alipotaka kumweka ng'ombe wake kwa babu yako. Wewe umekulia mjini, labda hukuuona utaratibu huo. Kwetu mwenye ng'ombe wengi humweka mmoja kwa rafiki, rafiki amtunze na anywe maziwa, na ndama wakizaliwa, wawili hao wanaelewana namna ya kuwagawana. Niliikumbuka vizuri siku hiyo kwa sababu nilimcheka. Alikuja bila ng'ombe! Akazunguka nyuma ya nyumba, akang'oa nyasi akazitafuna, akateka maji ya kijito akayanusa, akalisukuma banda kwa bega kuona kama linayumba. Kisha akamtazama babu yako mikono, akaenda zake. Ng'ombe alifika siku tatu baadaye.

"Ulicheka," Mzee Anyelwisye alisema, akiniita "tata", yaani baba, kama wazee wa kwetu wanavyowaita vijana wao. "Ulimwambia baba yako, huyu mzee mbona hakuja na ng'ombe wake, anakagua majani? Mimi ng'ombe nilikuwa namjua, tata. Nilitaka kujua anakokwenda. Ng'ombe mzuri ukimpeleka pasipo na nyasi, atakufa, halafu watu watasema ng'ombe alikuwa mbovu."

Akaweka kasha juu ya laptopu. "Hii mashine si mbovu. Hili gemu si bovu. Aliyevikutanisha ndiye hakukagua." Halafu akauliza lile nililokuwa nikiliogopa tangu nimwone mlangoni. "Mtamba wa marehemu yuko wapi?"

Nikamwambia kweli. Aliuchukua mwavuli wake, akainuka. Kisha akasema harusi ya Julai haipo, na kwamba hajanikataa. Siku nitakayokuwa na mtamba nimwite, naye atakuja kama alivyokuja kwa babu yako.

Wiki ile nilikwenda Matwebe kuonana na Subilaga, nikitegemea angalau yeye atanionea huruma. Alinisikiliza akiwa anachambua maharage. "Baba atakagua nyasi," alisema. "Mimi nitakukagua wewe." Akarudi kwenye maharage yake.

Nilirudi Bulyaga na hasira, na nashukuru kwamba hasira ile ilinielekea mwenyewe. Watu walinishauri niitupe mashine kwa bei yoyote. Nikakataa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nilichukua daftari, nikachora mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja nikaandika kila kitu mashine yangu ilichokuwa nacho, kwa kweli yake, bila kuongeza. Ilinichukua siku nne kujua pa kuvisoma. Upande wa pili nikaandika kazi ambazo ingeweza kuzibeba bila kulia. Mpira haukuwamo. Kuchapa maandishi kulikuwamo, kupanga mitihani kulikuwamo, na nyimbo za kwaya pia.

Nikaanza kuchapa kwa vidole viwili. Nilichapa mitihani ya shule, barua za kuomba kazi, ratiba za harusi za watu wengine, na hizo niliziandika nikiuma meno. Nikajifunza vidole vinne, kisha kumi. Mashine ile duni haikuwahi kunizimikia tena hata siku moja, kwa sababu sikuidai kisicho chake. Kabla ya kununua ng'ombe nilipanda matete ya malisho nyuma ya nyumba, nikachimba mfereji, nikasimika nguzo mpya za banda. Ilinichukua miaka miwili na miezi kadhaa.

Sasa nakufikisha mahali panaponiuma. Bibi yako alifariki mwaka wa tatu, mwezi mmoja kabla sijamleta mtamba. Siku zake za mwisho alikuwa akiniuliza matete yamefika wapi. Alitaka kumwona Subilaga akiingia uani kwake, alikuwa amemwekea hata kitenge. Laiti ningesoma mistari mitano nyuma ya kasha, angemwona. Majuto ni mjukuu, husemwa, na wangu huyu nimemlea mpaka leo.

Mzee Anyelwisye alikuja. Mtamba alikuwa amefungwa pale mbele, mnene, anang'aa. Hakumtazama. Alizunguka nyuma, akang'oa tete akalitafuna, akanusa maji, akalisukuma banda kwa bega. Banda halikuyumba. Mama yako, aliyekuja naye na aliyekuwa amesikia habari za daftari langu, alisimama mbele yangu akalitaka. Nililofungua lilikuwa jipya, na humo nilikuwa nimeandika habari zangu mwenyewe: nilichonacho, nisichonacho, na ninachokidhania tu. Alisoma upande wa nisichonacho kwanza. Akasoma mara mbili. Kisha akasema, "Hapa naweza kuishi."

Kwa hiyo sikukatazi gemu lako, mwanangu. Cheza, ujana ni wako. Ila kabla hujatoa hata shilingi, tafuta gemu lenyewe linataka nini. Siku hizi wanaandika viwango viwili: cha chini na kile wanachopendekeza. Cha chini kitakufungulia mlango tu, usikitegemee. Kisha ifungue hiyo laptopu pale pale dukani, nenda panapoandikwa habari zake, uandike kwa mkono wako kasi, kumbukumbu, kadi ya picha, na nafasi iliyobaki. Muuzaji asikusomee. Kama atakuruhusu kulijaribu, lijaribu nusu saa, kwa sababu dakika ya kwanza kila mashine ni hodari. Iguse chini uone joto. Na ukikuta jambo hulijui, sema "sijui" hapo hapo, mbele ya muuzaji, lingali jepesi. Ikikosekana sifa moja, usijipe moyo kwamba itajikaza. Mashine haina aibu, haiwezi kujikaza kwa ajili yako. Ama ongeza akiba na usubiri, ama chagua gemu linaloendana na ulichonacho. Vyote viwili si kushindwa.

Na utakapochagua kazi, rafiki, au mwenzi wa maisha, fanya vivyo hivyo. Kagua nyasi za kwako kwanza.

Mungu akupe macho ya kusoma maandishi madogo. Akupe ulimi usioona haya kuuliza. Lolote utakaloliingiza kwako, alijalie lishe na maji, na lililo zito akupe mgongo wa kulibeba au busara ya kuliacha. Jumapili njoo na karatasi yenye mstari katikati. Usinipe mimi, mpe mama yako. Ataanza na upande wa usichonacho.