Kiganja Kati ya Nguo na Kifua

Siku mabukwe aliponifundisha kumviringisha mtoto, tulikuwa tunapika mawese. Mabukwe ndivyo kwetu tunavyomwita mama wa mume. Wangu alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake, na neno halikumkalia mdomoni. Nyumba yetu ilikuwa mlimani, upande wa Burundi, na kutoka jikoni uliliona ziwa lote chini. Siku isiyo na ukungu uliona hadi milima ya Tanzania upande wa kusini. Sikuwahi kufikiri kwamba milima ile ilinihusu.

Binti yangu Evelina alikuwa hajatimiza mwezi. Alikuwa akilala kidogo tu anashtuka, anarusha mikono hewani kana kwamba anadondoka, anaamka analia. Nilikuwa nimechoka hadi nasinzia mwiko mkononi.

"Mlete," mabukwe akasema. Alifuta mikono, akatandika kitenge kilichozeeka hadi kikawa laini, akakunja ncha yake ya juu na kumlaza mtoto chali, mabega yakiwa chini kidogo ya mkunjo. Mikono akamkunjia kifuani. Upande mmoja wa kitenge akaupitisha juu ya kifua na kuuchomeka chini ya mgongo, kisha upande wa pili vilevile. Miguu aliiacha ijikunje kama ya chura, na huku chini nguo ikabaki kama mfuko, mtoto apate pa kupigia teke.

"Ingiza kiganja hapa."

Nikaingiza kiganja kati ya nguo na kifua. Kilipita.

"Kisipopita, umemfunga. Anayefungwa ni mbuzi. Mtoto anashikwa tu, ajue kuna mtu. Na nguo haipandi juu ya kidevu, hata iwe baridi ya namna gani. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Akianza kujigeuza mwenyewe, mwachie mikono yake. Hapo ana safari zake, usimzuie."

Evelina alilala mpaka mawese yakaiva. Nilimtazama nikaona kama muujiza.

Jirani yetu Domitila alikuja jioni ile na mwanawe Yohani, aliyezaliwa siku chache baada ya Evelina. Yohani alikuwa na sauti. Akilia, watu waliokuwa wanaanua dagaa ufukweni waliinua vichwa. Mabukwe alimpenda kwa hilo, akamwita mwinjilisti. "Huyu hatahitaji kipaza sauti," alisema, na Domitila akacheka, akakaa kwenye kigoda kujifunza naye. Alijifunza haraka kuliko mimi. Alikuwa mwepesi wa mikono, na mimi nilimwonea wivu kidogo.

Vita tulivisikia kwanza kama habari za mahali pengine. Kisha vikawa moshi kwenye mlima wa pili. Wanaume walikuwa ndio wanaotafutwa kwanza, kwa hiyo mume wangu Salvatori na wenzake waliondoka kupitia milimani, na mume wa Domitila akiwa nao. Walituambia tuteremke ziwani tutafute boti ya kwenda Kigoma.

Tuliteremka asubuhi, watu wengi kwa pamoja. Katikati ya njia tukasikia risasi mbele yetu, tukaingia kwenye korongo lenye michikichi na majani marefu. Tukalala chini.

Buti zilipita juu yetu, njiani. Hatukujua ni za upande gani. Hatukutaka kujua.

Yohani akaanza kulia.

"Mnyamazisheni," mwanamume mmoja alinong'ona. "Mnyamazisheni huyo, atatuua."

Domitila alimpa titi, akalikataa. Nilimwona akivuta kitenge, akikikaza, akikaza tena, kisha akakipandisha juu ya uso wa mtoto na kumkandamiza kifuani kwake.

Kukawa kimya.

Buti zikasimama. Mtu akakohoa, akatema mate. Jasho lilinitiririka machoni na sikuthubutu kulifuta. Evelina alikuwa amelala ndani ya nguo yake, na nilikuwa namwomba Mungu asiote ndoto.

Buti zikaondoka.

Mabukwe alitambaa kwa tumbo hadi kwa Domitila. Alichomeka kidole kwenye kitenge, akakishusha chini ya kidevu. Uso wa Yohani ulikuwa umebadilika rangi. Akapulizwa, akatikiswa, mwishowe akavuta pumzi kwa sauti ya kukwaruza, na mimi nikajikuta nimeng'ata mkono wangu mwenyewe.

"Usirudie," mabukwe alimwambia Domitila.

Lakini watu walikuwa wanainuka, na kila aliyepita alimgusa Domitila bega. Yule mwanamume aliyenong'ona alimwambia, "Mungu akubariki, mama, umetuokoa." Ilikuwa kweli. Mimi ni hai leo kwa sababu Domitila alikikaza kile kitenge, na binti yangu pia. Ndiyo maana sikuweza kumwambia neno, na hata sasa sioni ni neno gani ningemwambia.

Ufukweni kulikuwa na boti moja ya mbao yenye injini, na watu wa kujaza boti kadhaa. Mwenye boti aliwapakia kwanza wenye watoto wachanga. Mabukwe aliitwa, akakataa. Alisema magoti yake hayawezi kukunjwa namna ile, atakuja na boti ifuatayo. Nililia, nikamshika gauni. Akanitoa vidole kimoja kimoja.

Hakuwa na muda wa kuagana. Alimchukua Evelina, akamfungua na kumviringisha upya palepale juu ya mchanga, kisha Yohani vivyo hivyo. Kwa kila mmoja aliingiza kiganja, akakitoa.

"Kinapita," alisema. Akatukabidhi watoto.

Sikumwona tena. Watu waliofika baadaye walisema waliobaki ufukweni pale walikutwa mchana uleule. Sikuuliza walikutwa wakiwa katika hali gani.

Kwenye boti tulilazwa chini kama magunia, tukafunikwa turubai, na juu ya turubai wakatandaza nyavu ili boti ionekane ya wavuvi. Kulikuwa na harufu ya mafuta na matapishi. Jua lilipopanda, turubai likawaka. Nilikuwa nimemlaza Evelina juu ya mkono wangu, uso wake karibu na ufa uliopitisha upepo kidogo, na kiganja changu kikiwa ndani ya nguo yake. Kila kifua chake kilipoinuka, nilikisikia. Nilikuwa na hofu ambayo tangu hapo sijawahi kuwa nayo tena: hofu kwamba atalia, na hofu kwamba hatalia.

Mara injini nyingine ikasikika.

Ikakaribia. Sauti za watu, maswali, mwenye boti yetu akijibu kwa kucheka cheka.

Nilihisi Domitila akisogea pembeni yangu. Alikuwa anapandisha nguo.

Nilimshika mkono gizani, nikauzuia. Tukashikana hivyo, tukivutana kimyakimya, hadi injini ile ikaenda zake. Yohani alikuwa amelala wakati wote. Hakuwa hata na nia ya kulia.

Kigoma walitupokea Bangwe, kwenye ghala la zamani karibu na ufukwe, lenye paa la bati na madirisha madogo. Tulingojea hapo kupelekwa kambini. Tulipewa mablanketi mazito, na sisi watu wa mlimani, tuliozoea ukungu, tukawafunika watoto kwa mablanketi hayo katika joto lile la pwani ya ziwa. Wenyeji walitushangaa.

Mwenyeji niliyemjua zaidi ni Mama Hadija. Alikuwa Mwislamu wa Ujiji aliyeolewa Bangwe, mwenye sufuria kubwa ya uji na ulimi mkali. Kila alipofika alipita kwa kina mama, akigusa shingo za watoto.

"Huyu analoa jasho," alimwambia Domitila. "Na usoni kafunikwa ya nini? Mfunue, dada, apate hewa."

"Atalia."

"Si alie? Mtoto kazi yake nini?"

"Watasikia."

"Nani atasikia?"

Mama Hadija alitutazama, na ule ukali wote ukamtoka. Alichuchumaa akasema polepole, "Hapa hakuna wa kumsikia ila mimi. Na mimi ni kiziwi kidogo. Mwache alie, mwanangu."

Domitila alitabasamu, akashusha nguo. Mama Hadija alipogeuka, akaipandisha.

Nilijaribu. Nilimkumbusha kiganja cha mabukwe. Alinikubalia kila mara. Wakati mwingine alimviringisha vizuri sana, kuliko mimi, na Yohani akalala uso wazi, mashavu yametuna. Lakini meli ikipiga honi bandarini, au sufuria ikianguka, mkono wake ulienda wenyewe, kama mkono unavyokwenda jichoni inzi akipita. Nguo ilikazwa, uso ukafunikwa. Na Yohani akawa mtoto mtulivu. Wanawake waliokuja baadaye, wasiomjua yule mwinjilisti wa zamani, walimsifia. "Una bahati," walimwambia. "Wako mwema, hata halii."

Ilikuwa mchana mvua iliponyesha. Nilikuwa mlangoni nikifua nepi, Evelina mgongoni. Wingu lilitoka upande wa Kongo likavuka ziwa kwa kasi. Radi ya kwanza ilipiga karibu sana, na papo hapo mvua ya mawe ikaanguka juu ya bati.

Asiyewahi kukimbia risasi hawezi kuelewa mlio ule wa bati. Ghala zima lilianguka kifudifudi.

Nilimzungusha Evelina kutoka mgongoni, nikamwinamia kwa viwiko. Aliangua kilio usoni kwangu, na sikujisikia mwenyewe nikipiga kelele.

Radi. Bati. Radi.

Watu walikuwa wanatambaa kuelekea ukutani. Mzee mmoja alikuwa anasali. Nilimtafuta Domitila kwa macho, nikaona mgongo wake tu, kule mwisho kabisa, amejikunja kama ngumi.

Mvua ile ilikaa.

Ilipopungua, mtu wa kwanza akainua kichwa, akatazama juu, akasema kwa Kirundi, "Ni mvua." Kukawa na kicheko, kile cha aibu. Tulijicheka kwelikweli, tulivyolala kwenye matope na uji uliomwagika. Watoto walikuwa wanalia pande zote za ghala, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyewaambia wanyamaze.

Domitila alikaa, akaegemea ukuta, akimbembeleza mwanawe. "Hora, mwana wanje," alikuwa akisema, nyamaza, mwanangu. Alinitazama akiwa na furaha.

"Huyu hata hakushtuka," alisema. "Amelala."

Nilipiga magoti mbele yake. Blanketi juu, kitenge ndani. Niliingiza kiganja.

Hakikupita.

Nilifungua. Mama Hadija alikuwa amefika nyuma yangu akiwa amelowa, na yeye ndiye aliyemtwaa Yohani mikononi mwangu, akampuliza, akamsugua mgongo, akampuliza tena muda mrefu, mpaka mimi nikamwomba aache. Domitila alikuwa anamweleza kwamba mtoto huyu hulala sana, ni kawaida yake, wangoje kidogo tu ataamka.

Tulimzika kesho yake. Wanaume wa Bangwe walichimba kaburi kwa hiari yao, na Mama Hadija alitoa shuka jeupe lililokuwa jipya, la kitandani kwake. Mzee wetu aliyekuwa katekista huko nyumbani aliongoza sala. Mama Hadija alipomviringisha Yohani na kufika shingoni, Domitila alimshika mkono.

"Usoni hapana."

Katekista alimwambia kwa upole kwamba ni udongo utakaoingia, mama. Domitila hakuuachia ule mkono. Basi mvuvi mmoja akaenda ufukweni, akarudi na mbao za mtumbwi uliokufa, na wakaziweka juu ya kaburi kwa ndani, kama paa, udongo usimguse. Yohani akazikwa uso wazi.

Baadaye vita vilipokuwa vinazungumzwa, watu walitaja waliouawa: kwa risasi, kwa panga, kwa kuzama. Yohani hakutajwa na mtu. Alikuwa amefia Tanzania, mahali pa amani, mikononi mwa mama yake aliyempenda. Mimi namweka pamoja na mabukwe na wale wa ufukweni. Waliomuua ni wale wale wenye buti, ila kwake walichelewa kufika.

Tulikaa kambini miaka mingi. Salvatori nilimkuta huko. Mume wa Domitila hakufika. Domitila alikuja kuolewa tena, akazaa watoto wawili, na hakuna hata mmoja aliyemviringisha. Walilala mikono nje, wakishtuka na kulia, naye akikaa macho karibu yao. Salvatori alipopata kazi ya useremala mjini, tulihamia Rusimbi, na Domitila akapanga nyumba jirani.

Mwaka huu Evelina amejifungulia kwangu. Jioni namwogesha mjukuu, natandika kitenge, namkunjia mikono, naacha miguu ya chura. Evelina anaingiza kiganja, ananicheka kwamba namfundisha jambo lilelile kila siku.

Wiki iliyopita radi ilipiga na mvua ikaanguka juu ya bati letu. Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Domitila, hana mwavuli, maji yanamtiririka kichwani. Evelina alimwamkia, "Shikamoo, mama," akamkaribisha kiti. Hakukaa. Alisimama pale mlangoni, akikitazama kitanda kidogo cha mtoto, na mimi nikajua anangoja kusikia nini.

Radi ikapiga tena. Mtoto akaamka, akalia kwa sauti yake yote.

"Haya," Domitila alisema. Akarudi kwake katika mvua.