Mama Kirimi Alikataa Kulia

Ipo Jumamosi moja, mwanangu, ambayo ningekuwa na uwezo ningeifuta. Kwa kuwa sina uwezo huo, nimeamua nikusimulie.

Kwanza, mchezo wako nimeusoma wote. Nimeusoma mara mbili, miwani ikiniteleza puani, na nimechoka. Yule mzee wako aliyefiwa na mke anaanza kulia ukurasa wa tisa, na hadi wa kumi na mbili bado analia. Anagaagaa. Anapiga ukuta ngumi. Anauliza mbingu maswali. Halafu jana ukanisogezea simu mdomoni ili unirekodi, ukaniuliza, "Babu, mbona nyanya alipokufa wewe hukulia?" Nikakuambia uniache ninywe chai. Leo nitakujibu, lakini hiyo simu iweke mfukoni.

Nilipokuwa na umri wako nilikuwa napima kahawa kiwandani, hapa Githongo. Nilisoma hadi darasa la saba nikaishia hapo, lakini kichwani nilikuwa na michezo. Niliandika nikiwa nimekalia gunia, wakulima wamepanga foleni mbele yangu, na haikupita wiki bila mtu kunigutua: "Wewe, soma mizani! Utaota ukifika kwenu." Basi kanisa letu likaalikwa kupeleka mchezo mjini Meru, kwenye sherehe ya makanisa kule Kinoru, na mchungaji akanipa mimi kazi ya kuuandika na kuufundisha. Nilitembea kijijini kama mtu aliyepandishwa cheo.

Usidhani ni wewe peke yako unayeteswa na waigizaji. Wangu walikuja mazoezini na majembe. Mzee M'Ikiara, aliyeigiza chifu, alisinzia kwenye kiti chake cha uchifu mpaka zamu yake ikapita. Aliyeigiza polisi alikataa kuvua kofia hata wakati wa maombi. Wawili hawakujua kusoma, nikawa nawafundisha kwa mdomo, neno moja moja, na wakikasirika wanarudi kwenye Kimeru. Wingu likitanda, nusu yao wanakimbia kwenda kuanua kahawa. Nilifika nyumbani sauti imenikauka.

Mmoja tu hakunisumbua, naye ni Mama Kirimi. Alikuwa mjane, shamba lake liko pale chini ya kiwanda. Maneno yake yote aliyashika kwa wiki moja, na akiyasema unaamini.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Mchezo ulihusu mwanamke ambaye bwana yake amekwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya ngano Timau, na siku moja analetewa habari kwamba amekufa. Na bwana wa Mama Kirimi alikuwa amefia huko huko Timau, miaka miwili kabla, kwa kuangukiwa na trekta. Nilichukua maisha ya jirani yangu, nikabadilisha majina, nikamrudishia ayaigize. Wala sikumwuliza. Nilimchagua kwa sababu nilifikiri machozi anayo tayari, ni kufungua tu kama mfereji. Kwa nini alikubali, sijui. Labda alifikiri nimemheshimu.

Tukafika mahali pa habari. Kwenye daftari nilikuwa nimeandika: anaanguka, analia kwa sauti kubwa, majirani wanashindwa kumshika. Aliyeleta habari akaingia, akasema maneno yake. Mama Kirimi alikuwa ameketi, ungo mapajani, anachagua maharagwe. Akamsikiliza hadi mwisho. Kisha akaendelea kuchagua. Akatoa kijiwe, akakitazama, akakiweka kando.

"Mama Kirimi," nikasema, "hapo unaanguka."

"Nikianguka maharagwe yatamwagika."

Watu wakacheka. M'Ikiara akaamka kuuliza kama ni zamu yake.

"Basi weka ungo chini kwanza, ndipo uanguke."

"Mwalimu," akasema, maana aliniita mwalimu, nami sikuwa mwalimu wa mtu yeyote, "aliyeambiwa jambo kama hilo atakumbuka kuweka ungo?"

Alikuwa amenishinda, na mtu aliyeshindwa hukasirika. Jumamosi ya kwanza ikawa hivyo, ya pili ikawa hivyo. Ya tatu, ambayo ndiyo ninayokusimulia, zilikuwa zimebaki siku nane twende Meru. Nikaamua kumwonyesha mwenyewe. Nikajitupa kwenye sakafu ya kanisa, nikapiga yowe, nikagaagaa hadi miguu ya meza. Polisi akapiga makofi. Mama Kirimi akaniinamia.

"Umeumia?" akaniuliza.

Aliuliza kwa wema kabisa. Nami nikainuka, vumbi magotini, nikasema mbele ya wote: "Kwani hata bwana yako alipoletwa hukulia? Ama ulikuwa umefurahi?"

Hakuna aliyecheka. Mama Kirimi akakusanya maharagwe. Yalikuwa yake, aliyatoa kwake ili mchezo wangu uwe na maharagwe. Akayafunga kwenye leso, akatoka. Mlango wa kanisa ulikuwa na tabia ya kujigonga, kwa hiyo akaushika kwa mkono na kuufunga taratibu.

Mzee M'Ikiara sasa alikuwa macho kabisa.

"Wewe," akaniambia, "siku habari ya mtu wa Timau ilipofika, ulikuwa wapi?"

"Kiwandani."

"Na kwenye matanga ulikaa wapi?"

"Nje, kwa wanaume."

"Haya. Mimi siku hiyo nilikuwa kwake, tumekwenda kumsaidia kuchuma kahawa. Alikuwa anatupakulia githeri. Akaambiwa. Akamaliza kutupakulia, watu tisa, hakumruka mtu. Kisha akapakua sahani ya mumewe, akaifunika na sahani nyingine, akaiweka mahali mumewe alipokuwa akikaa. Sisi tukalia, yeye akatuletea maji. Ile sahani ilikaa pale hadi tulipozika, na hakuna aliyethubutu kuifunua." Akachukua fimbo yake. "Unataka kuandika watu na huwatazami. Kahawa unaipima hivyo, bila kufungua gunia?"

Nilimfuata Mama Kirimi alasiri hiyo hiyo. Nikamkuta anamkatia ng'ombe majani.

"Nimekuja kuomba msamaha," nikasema.

Hakusimamisha panga. "Umekuja kuomba msamaha ama umekuja kuniomba nirudi?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa mwandishi. "Vyote viwili," nikamjibu.

"Cha kwanza nimekupa. Cha pili sina." Akanipa mzigo wa majani nimbebee hadi zizini, basi.

Sasa sikiliza hapa, kwa sababu hapa ndipo ninapojikasirikia kuliko pale kanisani. Nilikuwa na siku nane. Nilikuwa nimeambiwa habari ya sahani. Ningeweza kwenda kwake nikamwuliza kama angependa tuuandike upya mchezo huo. Ningeweza kuuacha kabisa, tukapeleka kwaya. Sikufanya hivyo. Nilimpa Kagendo ile sehemu, msichana wa kwaya, hajawahi kufiwa hata na kuku, na Kagendo akalia. Alilia kule Kinoru mpaka wageni wakasimama, akina mama wakapangusa macho, mchungaji akanishika mkono akautikisa kama anayevuta maji kwa pampu.

Mama Kirimi alikuja na watu wa kanisa letu. Alikuwa kwenye benchi la tatu. Kagendo alipoanguka na watu kuanza kushangilia, nilimtazama. Alikuwa anatazama viganja vyake. Hakutoka, hakununa. Alingoja tumalize, kama mtu anayengoja mvua iishe.

Tangu siku hiyo tulisalimiana njiani vizuri, tulikaa kanisani benchi moja, nilipopima kahawa yake aliniambia asante. Lakini hakuniita mwalimu tena. Miaka yote hiyo. Na yale makofi ya Kinoru ninayo mpaka leo na sijui niyaweke wapi.

Umeniuliza kwa nini sikulia. Nyanya yako alikufa asubuhi, unajua. Kesho yake nyumba ikajaa watu. Wewe ulikuwa nje unapanga viti, na nadhani ulikuwa unasikiliza nani analia kwa namna gani, maana baadhi ya vilio hivyo nimevikuta kwenye mchezo wako. Mimi nilikuwa jikoni. Mama Kirimi akaingia na mkongojo wake, akaketi kwenye kigoda. Nikampa chai. Kisha nikamimina yangu, na nilipotazama nikaona nimemimina vikombe viwili. Cha pili nilikuwa nimekitia sukari nyingi, kama alivyopenda nyanya yako.

Nilisimama pale na birika mkononi, sijui nirudishe chai au nimwage. Mama Kirimi akainuka. Kwa magoti yake yale, akainuka. Akachukua kisahani, akakifunika kile kikombe, akakisogeza mahali pa nyanya yako. Akarudi kuketi.

"Kunywa chako, mwalimu," akaniambia. "Kitapoa."

Basi nikanywa. Hivyo ndivyo nilivyolia, na ulikuwa hatua kumi kutoka pale.

Kwa hiyo ninachotaka kwako ni hiki. Zile kurasa nne zitoe. Usizipunguze, zitoe. Usimwandikie mtu machozi kabla hujajua mikono yake inafanya nini. Ukitaka kuchukua maisha ya mtu aliye hai, nenda kwake mchana, umwulize, na akikataa, rudi na daftari tupu bila kununa. Mwigizaji akikuambia mtu hafanyi hivyo, nyamaza umtazame, huenda yeye alikuwepo na wewe hukuwepo. Na watu wakikupigia makofi, tafuta kwenye mabenchi yule asiyepiga, uone uso wake, kwa sababu huyo ndiye aliyekuelewa. Mimi nilimwona na nikageuka. Wewe usigeuke.

Hiki kikombe cha nyanya yako nakupa ruhusa ukiandike. Nimekupa mimi mwenyewe, hukuniibia. Lakini habari ya kisahani ni ya Mama Kirimi. Yuko hai, yuko kwake, mlango wake unaujua. Kamwulize.

Haya, nimesema mengi na mdomo umekauka. Mungu akutunzie macho yako, mwanangu, akupe miguu ya kufika jikoni kwa watu na akili ya kukaa huko kimya. Uandike hadi uzeeke, na siku utakayofiwa, akupe mtu wa kukufunikia kikombe.