Tulimwacha Rehema kwenye matuta

Leo nimehesabu watu ndani ya gari mara tatu, na mara zote tulikuwa watatu.

Asubuhi tulitoka Najma, mtaa tunaoishi huku ughaibuni, tukiwa wanne.

Sote ni walinzi, na leo tulikuwa ofu. Tukaenda jangwani kuteleza na mbao kwenye matuta ya mchanga. Unapanda kwa miguu mpaka pumzi iishe, halafu unashuka kama umesukumwa.

Rehema alitangulia kushuka upande wa pili. Nikampigia kelele kutoka juu, "Ukifika chini simama hapo hapo, nakuja."

Kabla sijashuka, vumbi likaja. Sikuuona hata mkono wangu. Wenzangu wakakimbilia gari, na mimi nikakimbia. (Msinihukumu bado.)

Simu yake haikupatikana.

Nilirudi nikitambaa, naita jina lake, mchanga mdomoni. Nilishaanza kuwaza nitamwambia nini mama yake kule Tanga.

Nikamkuta amesimama pale pale, mtandio usoni, ubao kifuani.

"Mbona hukutafuta gari?"

"Si uliniambia nisimame? Mlinzi haachi lindo mpaka aje wa kumpokea."

Akanikabidhi ubao wake, akatangulia kwenda kwenye gari.

Niambieni, msamaha wa hivi unaombwaje? Maana aliyeacha lindo leo ni mimi.