Barua ya Posa Iliyobaki Mfukoni

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka nakasirika upya kana kwamba ilikuwa jana asubuhi. Wenzangu wengine uzee umewapa usahaulifu. Mimi umeniachia kila kitu, saa kwa saa. Basi nitakueleza kwa mpangilio, nawe usinikatize.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa karani wa ghala katika kiwanda kimoja kule Nyakato, nina mke na mtoto mmoja. Rafiki yangu Juma, fundi umeme wa kiwanda hicho hicho, alipendana na Zuhura, binti wa Unguja aliyekuwa akiishi Mwanza kwa mjomba wake muuza vitambaa. Walipendana kwa adabu. Walipokubaliana, Zuhura alirudi kwao ili aposwe kwa baba yake, kama inavyopasa.

Mwoaji haendi kujiposea. Juma alibaki kazini akatuma watu wanne: Mzee Bulugu, mjomba wake, Mama Kulwa, shangazi yake, Deusi, dereva wa lori mwenye maneno mengi, na mimi. Mshenga nilikuwa mimi. Mwenye damu haombi, huombewa na mtu wa nje, kwa hiyo barua ya posa, iliyofungwa ndani ya leso nyeupe, nilikabidhiwa mimi. Siku ya safari Juma alinishika mkono pale stesheni akaniambia, "Kaka, mimi baba sina. Kule baba yangu ni wewe."

Baba yake Zuhura, Bwana Seif, alikuwa ametuma ujumbe ulionyooka: tufike Jumamosi, mara tu baada ya sala ya adhuhuri. Kaka yake mkubwa, mwenye kauli ya mwisho katika ukoo, angekuja kutoka shamba kutusikiliza. Alikuwa mgonjwa wa miguu, na gari lake la kurudi lingeondoka saa kumi. Niliyaandika hayo yote kwenye daftari langu. Nilikuwa mtu wa kuandika, mwanangu. Kuandika si kutenda.

Tulisafiri kwa treni siku mbili, tukavuka bahari kwa boti, tukafika Unguja Ijumaa jioni, tukapanga nyumba ya wageni. Na hapa nikueleze hali ya wakati ule, ingawa sijitetei. Tulikuwa tumetoka kwenye miaka ya kupanga foleni kwa kipande cha sabuni. Biashara zilipofunguliwa, tulizikimbilia bidhaa kama ng'ombe waliotoka kwenye kiangazi wakaona majani mabichi. Na Unguja ndiko kulikokuwa na bei nafuu. Redio, pasi, feni, saa za ukutani, vyote vimepangwa hadi barazani. Mtu wa bara aliyerudi kutoka Unguja mikono mitupu alichekwa mtaa mzima.

Jumamosi saa mbili asubuhi Mzee Bulugu alikuwa ameshavaa kanzu na koti. Alituona tunafunga viatu.

"Mnakwenda wapi?"

"Dukani kidogo, mzee," nikasema. "Saa tano tumerudi."

"Dukani kesho. Leo tuna kazi ya watu."

"Kesho boti ni ya asubuhi, mzee, maduka yatakuwa hayajafunguliwa," nikajibu, tena kwa sauti ya mtu aliyesoma. Nikamfungulia daftari nimwonyeshe ratiba. Hakuitazama. Alinitazama mimi.

Tukaenda. Mama Kulwa alitaka masufuria, Deusi alitaka feni, mimi nilitaka redio ya kaseti mbili. Nilizunguka maduka saba. Saa tano ilinikuta nabishana bei. Nilipopata ile niliyoitaka, mwenye duka akasema iliyobaki ni ya maonyesho, mpya ipo ghalani, subiri. Nikasubiri. Ikaletwa, nikasema ijaribiwe. Ikajaribiwa, spika moja ikakoroma, nikasema ibadilishwe. Adhana ya adhuhuri iliponadiwa nilikuwa nimeinama nasikiliza spika, na ile barua imo mfukoni mwa shati langu, juu ya moyo kabisa.

"Mwanangu, tumechelewa," Mama Kulwa akaniambia.

"Wazanzibari wenyewe hawana haraka," Deusi akadakia. "Pilau halijaiva hata! Na wakwe hawaanzi bila mshenga. Mshenga si huyu hapa anapima muziki?"

Tukacheka. Mwanangu, tulicheka.

Tulipotoka pale na maboksi kichwani tukapotea. Vichochoro vya Mji Mkongwe vinafanana kama mapacha. Unapita mlango wenye misumari ya shaba, unatembea robo saa, unaukuta tena mlango ule ule. Tulifika nyumba ya wageni saa tisa. Mzee Bulugu hayupo. Alikuwa amechoka kungoja, akaenda peke yake kutuombea radhi, na ufunguo wa chumba alikuwa nao. Hatukuwa na pa kuacha mizigo. Basi tukaenda ukweni nayo, tukiuliza njia kila kona.

Nataka uione picha hiyo. Nyumba imefagiliwa, mikeka imetandikwa, majirani wameitwa kuwa mashahidi, udi umefukizwa hadi umeisha harufu. Na sisi tunaingia saa kumi na nusu, tunatiririka jasho, feni kichwani, masufuria yanagongana. Majirani walikuwa wameshaondoka. Yule mzee wa shamba naye alikuwa ameondoka, amebebwa na vijana wawili hadi kwenye gari. Mzee Bulugu alikuwa amekaa peke yake kwenye mkeka, miguu ameikunja. Kwa saa tatu aliwasimulia wenyeji habari za ziwa na za kilimo cha pamba ili wasiinuke. Kuposa hakuweza, yeye ni damu, na barua ilikuwa mfukoni mwangu.

Deusi akajaribu mzaha. "Wakwe, tumeona tuje na muziki wa harusi kabisa!"

Hakuna aliyecheka. Mtoto mmoja wa nyumba ile alianza kusoma maandishi ya boksi langu kwa sauti, herufi moja moja, mama yake akamvuta ndani.

Nikapiga magoti, nikatoa leso. Bwana Seif akainua kiganja.

"Irudishe mfukoni, mwanangu. Siwezi kusema nimeikataa, maana sijaiona. Mwenye kuisikiliza kashaondoka." Hakupandisha sauti hata kidogo. "Nikuulize kitu kimoja tu. Nyinyi mmekuja kuposa ama mmekuja kuhemea?"

"Tusamehe, baba. Tulipotea njia."

"Njia hamkupotea. Maduka yote mliyaona." Akayatazama maboksi yetu. "Huyo kijana wenu mimi simjui. Nilitaka nimjue kwa watu wake. Basi nishamjua. Kama haya ndiyo mambo yake siku ya kuomba, siku akishapewa itakuwaje? Kuleni. Mgeni hafukuzwi akiwa na njaa."

Tukala pilau lililopoa, mwanangu. Nyuma ya pazia la mlango wa ndani nilisikia mtu analia taratibu, kwa namna ya mtu aliyeziba mdomo kwa kanga. Nilijua ni nani. Niliendelea kutafuna kwa sababu kutema kungekuwa aibu ya pili.

Mzee Bulugu alisema nami mara moja tu, asubuhi, kwenye ngazi ya boti. "Baba, tumezoea kusema mjumbe hauawi. Ni kweli. Lakini jana nimemwona mjumbe akiua." Kisha hakufungua tena mdomo kwangu hadi Mwanza.

Na sasa sikia lililobaki, kwa sababu hili ndilo linaloniwasha zaidi. Juma alikuja kutupokea stesheni amevaa shati jipya limepigwa pasi. Alimwamkia mjomba wake, akamwamkia shangazi, akanikumbatia. Akaona maboksi, akafurahi kwa ajili yangu. Akalipandisha boksi la redio begani kwake, akalibeba hadi nje ya stesheni, akitania kwamba redio hiyo tutaipiga siku ya harusi. Kule nje ndipo akauliza, "Wamesemaje?"

Nikamweleza. Nilijaribu kuanza na vichochoro.

Akanikatiza. "Hii uliinunua kabla ya kwenda, au baada?"

"Kabla."

Akalishusha boksi chini polepole, kama kitu cha mtu kinachoweza kuvunjika, akamshika mjomba wake mkono, wakaondoka. Alijaribu mara mbili kutuma barua kwa posta. Hazikujibiwa. Kabla mwaka haujaisha Zuhura aliolewa na mtu mwingine. Juma naye alioa baadaye, ana wajukuu, na tukikutana ananisalimu vizuri. Lakini tangu siku ile hajanituma hata kununua kiberiti.

Nasikia vijana wa Buswelu juzi wamekwenda Ukerewe kuposa, wakamwacha mzee wa watu gatini juani wakati wao wanazunguka kupiga picha. Waliponisimulia walitegemea nicheke. Niliwafukuza barazani kwangu! Huo si ujana, na msiuite ujana. Ni dharau. Tamaa mbele, mauti nyuma, na ubaya wake ni kwamba anayekufa mara nyingi si yule mwenye tamaa.

Sikiliza basi. Ukitumwa, wewe si wewe. Miguu yako ni ya aliyekutuma, uso wako ni uso wake, na saa yako ni saa yake. Mtu akikupa neno lake ulipeleke, lifikishe kwanza. Mji hauhami, maduka hayahami, utatembea baadaye. Kama moyo wako una shughuli nyingine, kataa kutumwa, sema siwezi, atafutwe mwingine. Hiyo si aibu. Aibu ni kukubali kwa mdomo huku macho yako yamekwisha kwenda sokoni. Na ukikosea, usianze na vichochoro. Anza na kosa.

Mungu akupe watu wa kukuamini, mwanangu. Na siku watakapokutuma, kila utakapotaka kugeuka pembeni, akutie uzito miguuni mpaka ufike. Nenda salama.