Chachu ya Dada Yangu

Mwaka ule mvua ilikataa kupumzika, na maharagi ya Nyabiondo, kijiji chetu, yakaanza kuota manyoya ya kijivu. Ukungu ulianzia kwenye maua, ukashuka kwenye maganda. Ukipasua ganda, ndani unakuta maji yenye uvundo. Tulisikia umemaliza mashamba ya Muheto, kijiji jirani. Kisha ukawa kwetu.

Dada yangu mkubwa alikuwa amerudi kutoka Goma, alikosomea kilimo. Alichota mashapo katika bidon, dumu la plastiki, la kasiksi ya mama, pombe yetu ya ndizi, akayalea kwenye maji ya viazi na sukari. Halafu akaweka ile chachu na ukungu katika bokali moja, chupa ya kioo ya mdomo mpana. Kila asubuhi nilichungulia. Ukungu ulitambaa, ukaikaribia chachu, ukasimama. Katikati palibaki patupu.

"Kuko levire zenye ziko na sumu yao," aliniambia, akionyesha chachu. "Zinauaka ukungu. Muntu haziwezi kumufanya kitu."

Mama alisikia neno moja tu. "Sumu? Mu nyumba yangu? Mutoto wangu, usirudilie hilo neno inje."

Lakini lilikuwa limeshatoka. Dada alipuliza maji yake ya chachu kwenye shamba letu, na ukungu ukapungua. Kwa mzee wa ng'ambo ya njia, tuliyemwita Papa jirani, maharagi yalioza hadi mpakani. Wanawake mtoni wakaanza kuhama nilipofika, wakichota upande wa juu wa mto, nisije nikawatilia kitu. Kwetu aliyeuawa kwa risasi huzikwa, mambo yakaisha. Anayedhaniwa kufa kwa sumu, hutafutwa aliyemtilia.

Jumapili moja, baada ya ibada, Papa jirani akaja na wanaume wawili. Walikuwa na mapanga, na siku ile hakuna aliyekuwa akilima.

"Ni wewe njo ulituma ugonjwa kwangu?" alimuuliza dada.

"Hapana, Papa. Iko dawa ya maharagi."

"Dawa ao sumu?"

Dada akaleta chombo cha dawa. Akamimina yale maji kikombeni, akanywa mbele yao. "Ikala, Papa. Ungojee uone."

Wakakaa. Mama aliomba bila sauti. Mimi nilikodolea macho koo la dada, kisha mkono wangu ukakichukua kikombe nikanywa kilichobaki. Kilikuwa kichachu, chenye harufu ya unga wa mkate. Sijui kama ilikuwa imani au hofu ya kubaki peke yangu.

Jua likageukia magharibi, nasi bado wazima. Papa jirani akasimama. "Sumu ingine inaendaka pole-pole," alisema, wakaondoka.

Kesho yake mke wa Papa jirani akaja kwa njia ya nyuma ya nyumba, na chupa chini ya kitenge. "Unipe kidogo, dada. Bwana wangu asijue." Dada akampa, akamwonyesha namna ya kupuliza.

Baadaye Papa jirani akashikwa na tumbo. Habari ilipotufikia, mama aliita pikipiki mara moja. "Uende leo," alimwambia dada. "Usingojee apone ao afe." Dada alipanda na bokali zake ndani ya kitambaa, akilia kwa hasira.

Papa jirani alipona. Hakuna aliyekuja kutuambia. Nilimwona tu siku ya soko, amebeba gunia la maharagi mazima kutoka shamba lililopulizwa na mke wake. Nikamsalimu. Akatazama pembeni, akapita.

Dada hajarudi.